Mmenya Viazi wa Langas na Kiingereza cha Kujificha

Jua halijachomoza vizuri juu ya mabati ya Langas, mjini Eldoret, na tayari karai la Waiyego Ng'ang'a limejaa nusu. Ameketi kwenye kigoda kifupi mbele ya mlango wake, gunia la viazi kushoto, ndoo ya maji kulia. Kisu chake kimenolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba kama jani la kitunguu. Kinazunguka kiazi mara moja bila kuinuka, ganda linaning'inia, kiazi kinatumbukia majini. Anachukua kingine. Mikono yake haiitazami. Anatazama njia.

"Naangalia nani anakuja," anasema. "Viazi haviendi mahali."

Shingoni amezungusha skafu nzito ya sufi. Eldoret ni baridi asubuhi, kwa hiyo hakuna anayeuliza kwa nini haivui hata jua likiwaka.

Anayekuja ni Phineas, kijana wa kibanda cha chipsi kando ya barabara kuu. Ananing'iniza ndoo tupu kidoleni.

"Mama Kabiru, ndoo yangu iko tayari?"

"Iko. Pesa iko?"

"Si nasikia siku hizi unasoma Kizungu? Niulize kwa Kizungu basi."

"Nikikuuliza kwa Kizungu utalipa kwa Kizungu? Weka mia mbili hapo, Phineas, uache maneno."

Jirani yake Kavetsa, anayemenya pia mlango wa pili, anacheka mpaka kisu kinamtoka mkononi.

Chipsi zinazoliwa Langas jioni, kabla hazijaitwa chipsi, nyingi zimepita katika mikono ya wanawake kama hawa. Wenye vibanda huleta ndoo, wamenyaji hujaza. Ukitoa bei ya gunia, faida ya siku nzuri ni shilingi mia nne, mia tano. Siku ya mvua, wateja wanapobaki majumbani, ni mia moja na mgongo unaouma. Maganda huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe wa mtaa wa Pioneer, ambao hulipa wanapokumbuka.

Viazi vyenyewe hutoka Timboroa, kule juu kwenye barabara ya Nakuru, ambako baridi huingia ndani ya mifupa na udongo ni mweusi kama masizi. Waiyego anaujua udongo huo. Akikwangua kiazi kwa ukucha, anaunusa. Alizaliwa kule, akaolewa kule, akalima kule mpaka mwaka ule wa moto, 2008, nyumba zilipochomwa baada ya uchaguzi, alipotoka na watoto na sufuria moja. Dereva wa lori la viazi hajawahi kumwambia amepakia shamba la nani, na yeye hajawahi kuuliza.

"Nikiuliza atanijibu," anasema. "Na akinijibu, nitamenya vipi?"

Ana miaka hamsini na tisa. Watu wa ofisi wanaopita Langas kwa magari marefu humwita mkaidi. Wangekuwa na kumbukumbu yake, wao wenyewe wasingefungua mlango.

Wiki chache kabla ya moto ule, anasimulia, walipita watu wapole wenye kalamu. Walitaka kujua nani anaishi nyumba gani, ametoka wapi, wako wangapi. Walisema ni mradi wa maji.

"Maji hayakuja," anasema Waiyego. "Kilichokuja tunakijua."

Katika kambi ya waliokimbia, ndani ya mahema, walikuja wengine wenye kalamu. Alijiandikisha akaambiwa asubiri fidia. Akaandikishwa tena, kwa sababu waliotangulia walipoteza karatasi. Wakaja wa tatu, wakampiga picha pia. Waliopewa walipewa, na waliosahauliwa mpaka leo wanaambiwa majina yao hayaonekani. Alipohamia Langas na kuanza upya na kisu kimoja, walikuja wengine kuuliza kila nyumba ina watu wangapi, na mwezi uliofuata kuta za mtaa mzima zilikuwa na alama ya rangi nyekundu. Nyumba zilizokuwa na alama zilibomolewa kupisha barabara.

Kwa hiyo Langas kuna desturi ambayo haijaandikwa popote, na kila mpangaji mpya hufunzwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Mgeni mwenye kalamu hujibiwa. Kumfukuza ni makosa, atarudi na askari. Anajibiwa kwa upole, kwa tabasamu, na anajibiwa uongo.

Hapo ndipo habari hii ya Kiingereza inapoanzia.

Mwaka juzi mguu wa Waiyego ulivimba ghafla ukawa kama gogo. Alipelekwa kliniki moja ya kulipia mjini. Madaktari wawili walisimama pande mbili za kitanda, wakazungumza Kiingereza juu ya tumbo lake kama watu wanaopatana bei ya mbuzi. Alisikia neno "mguu" kwa Kiingereza na neno "hatari". Mengine yalimpita juu kama ndege. Akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, akaambiwa asikose hata siku moja.

"Mguu ni wangu," anasema, na kisu kinasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Lakini habari za mguu zilikuwa zao."

Alipopona aliapa kwamba hatalala tena mbele ya daktari bila kusikia anachosema.

Kwa bahati kulikuwa na darasa la bure kwenye ukumbi wa kanisa, mchana, saa ambazo viazi vimeshachukuliwa na mafuta ya chipsi hayajapata moto. Mwalimu ni Emmaculate Nekesa, binti aliyemaliza chuo cha ualimu miaka sita iliyopita na ambaye serikali haijamkumbuka kumpa kazi. Kitabu kilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Kina sehemu tatu: maisha ya kila siku, afya na elimu. Unasoma kisa kifupi, kisha unaulizwa maswali. Asha anaamka mapema. Asha anapiga mswaki. Wewe unaamka saa ngapi? Unaishi wapi? Mko wangapi nyumbani? Unakunywa dawa yoyote?

Waiyego na Kavetsa walijiandikisha pamoja. Siku ya kwanza Mwalimu Nekesa alianza na mstari wa mbele: unaishi wapi, mko wangapi? Na akachukua kalamu.

Wanawake wale, mmenyaji, mfua nguo, mchuuzi wa sukuma wiki, walitazamana. Kisha wa kwanza akasimama, akajibu kwa upole, kwa tabasamu.

"Alisema anakaa Kapsabet na mume wake ni fundi wa redio," anakumbuka Kavetsa. "Mimi namjua. Hana mume, na redio hana."

Waliofuata walifuata. Waiyego alipofikiwa, alisema ana miaka arobaini na mitano, ana watoto wawili, ana duka la vitambaa Kisumu. Ukweli ni kwamba alizaa watano na kuzika mmoja, na Kisumu hajawahi kufika. Walipofika sehemu ya afya na kuulizwa kuhusu dawa, alijibu kwamba haugui na hanywi chochote.

Jibu hilo la mwisho lilikuwa na sababu yake ya pekee, tena kubwa kuliko zote. Mtaani kuna mama aliyekuwa akimenya viazi kuliko wote. Waliwahi kupita watu wa utafiti wa kifua kikuu, wakamuuliza, akawajibu ukweli kwamba anaugua. Wiki hiyo hiyo wenye vibanda walijua. Hakuna aliyemtukana. Ndoo ziliacha tu kuja. Mtu anayeshika chakula cha watu hapa haruhusiwi kuugua.

Mwaka mzima Waiyego alimlea yule mwanamke wa Kisumu. Alimpa wasichana wawili, mmoja yuko sekondari. Alimpa chai ya maziwa na mayai asubuhi. Alimpa afya njema. Kila somo lilipoongezeka, na mwanamke huyo aliongezeka, mpaka Waiyego akaweza kumzungumzia bila kusita. Mwalimu Nekesa alimtoa mbele awe mfano kwa wengine.

"Nilijivunia," anasema mwalimu. "Nilikuwa nikienda nyumbani namwambia mama yangu, nina mwanafunzi mmoja hapo Langas, anaongea kama maji. Sikujua nafundisha watu kumi na tisa ambao hawako."

Kisha likaja lile la shingo. Uvimbe aliokuwa nao tangu Timboroa, ambako wanawake wengi wa rika lake waliota kama huo, ulianza kukua. Chakula kikawa kinapita kwa shida. Usiku alikuwa akilala ameketi. Hospitali ikasema lazima utolewe, na ikampa tarehe. Siku ya kupangiwa tarehe aliulizwa kama anatumia dawa. Akatikisa kichwa. Aliyeuliza alikuwa na kalamu.

Alfajiri ya upasuaji alisindikizwa na Kavetsa. Alikuwa amevaa gauni la hospitali lililofungwa nyuma, na vidonge vyake vya damu vilikuwa ndani ya kiondo kilichokuwa mapajani mwa Kavetsa. Alikuwa amemeza kimoja usiku, kama alivyoagizwa na kliniki ile ya kwanza. Asikose hata siku moja.

Akaja mtaalamu wa dawa za usingizi, kijana mpole aitwaye Lusweti. Alimsalimu kwa Kiswahili kizuri na kumuuliza kwa Kiswahili amelalaje.

Waiyego angemjibu kwa Kiswahili, leo tusingekuwa na habari. Lakini alikuwa amengoja siku hii tangu alipougua mguu. Alinyoosha mgongo, akamjibu kwa Kiingereza.

Lusweti alifurahi. Akavuta kiti, akageukia Kiingereza naye. Ana miaka mingapi? Arobaini na mitano. Watoto? Wawili. Amewahi kulazwa? Hapana, daktari. Kuna dawa anayokunywa kila siku? Hapana, daktari. Damu yake imewahi kuwa na shida yoyote? Hapana, daktari.

"Nilikuwa najisikia," anasema Waiyego. "Wallahi nilikuwa najisikia nikijibu. Nataka kusimama, mdomo unaenda. Kiingereza changu chote kilikuwa cha yule mwanamke. Cha kwangu mimi sikuwa nacho hata neno moja."

Angeweza kurudi kwenye Kiswahili, mtu atasema. Anayesema hivyo hajawahi kulala amevaa gauni la watu, mbele ya kijana ambaye kwa mara ya kwanza anamtazama usoni kama mtu aliyesoma.

Lusweti alikuwa akiandika. Kavetsa alikuwa ameshika kiondo. Kati yao wawili palikuwa na shingo ambayo ingekatwa asubuhi ile, kwa mtu ambaye damu yake ilikuwa imezuiwa kuganda.

"Daktari, ngoja," Kavetsa akasema.

"Ndiyo, Mama?"

"Huyo unayeongea naye hayuko."

Lusweti akamtazama mgonjwa, akamtazama yeye. "Hayuko vipi?"

"Huyo ni wa darasani. Wa Kisumu. Huyu mwenye shingo ni mwingine."

"Mama Brigid," Waiyego akamwambia Kavetsa taratibu, "nyamaza."

"Nikinyamaza nitarudi Langas na nani?" Kavetsa akatumbukiza mkono kwenye kiondo, akaweka pakiti ya vidonge juu ya shuka. "Hivi anakunywa kila siku. Jana usiku pia. Nimemwona."

Lusweti alisoma pakiti. Kisha akafanya jambo ambalo Waiyego hajawahi kuona mtu wa ofisi akilifanya: akafunga kalamu, akaitia mfukoni, akauliza upya kwa Kiswahili bila kuandika. Waiyego akamwambia. Mguu, kliniki, watoto watano, miaka hamsini na tisa.

Upasuaji uliahirishwa. Vidonge vile lazima visimamishwe kwa utaratibu, chini ya daktari, akaelezwa. Angepasuliwa asubuhi ile, wangehangaika kuizuia damu, na huenda wasingeweza.

"Hakunigombeza," anasema Waiyego. "Ningependa angenigombeza. Aliniuliza tu, Mama, ulikuwa unamwogopa nani? Ningeanza na mwaka gani?"

Mtu angetarajia kwamba alitoka pale akimkumbatia Kavetsa. Alitoka akiwa amekunja uso. Kwa wiki kadhaa alihamisha kigoda chake upande mwingine wa mlango, akampa jirani yake mgongo. Kavetsa alikuwa ametaja mambo ya nyumba mbele ya mtu mwenye kalamu. Leo amesema kwa wema. Kesho je? Na jana alimwambia nani? Mwaka ule wa moto wapo majirani waliokuwa wakiombana chumvi, na Waiyego anakumbuka ni nani aliyeonyesha mlango upi.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mteja mmoja wa zamani aliacha kuleta ndoo wiki hiyo hiyo, bila neno. Mpaka leo hajui nani alisema, au kama kuna aliyesema.

"Mimi sikusema," Kavetsa anajibu kabla hajaulizwa.

"Sijasema umesema," Waiyego anamjibu, na kisu chake hakisimami.

Aliporudi darasani, hakuketi. Alimuuliza Mwalimu Nekesa mbele ya wote: kitabu hiki kimetoka kwa nani, na majibu yetu huenda wapi?

Mwalimu alisema ukweli. Kila mwisho wa muhula hupiga picha za mazoezi yao na kuwatumia wafadhili, ndio masharti ya vitabu kuendelea kuja. Majina, mitaa, watoto, magonjwa, vyote. Hakuwahi kudhani kuna ubaya.

Ukumbi ulilipuka. Mfua nguo alipiga meza. Mwingine alikuwa akicheka mpaka machozi: wazungu wana picha za mume wake fundi wa redio! Hawakuwa wajinga, basi. Waliposhuku, walishuku sawasawa. Na shuku hiyo hiyo iliyokuwa sahihi ilikuwa nusura imlaze mmoja wao chini ya kisu.

Mwenye kulaumiwa hapa si mwanamke aliyedanganya. Ni wote waliopita mlangoni pake kwa miaka yote hiyo wakichukua majibu na kuacha hasara, mpaka siku alipokuja yule mmoja aliyeuliza ili amponye, akalipwa uongo, deni la wengine.

Emmaculate Nekesa aliacha kutuma picha. Wafadhili wameandika mara mbili kuuliza, na vitabu vya muhula ujao huenda visije.

"Visije," anasema. "Tutatumia hiki hiki mpaka kichakae."

Lakini Waiyego alikuwa na neno jingine kuhusu kitabu hicho. Kwenye kisa cha hospitali, alimwonyesha mwalimu, daktari ndiye anayeuliza, kuanzia juu mpaka chini. Mgonjwa anajibu tu. Ndiyo, daktari. Hapana, daktari. Mwaka mzima hakuna mwanafunzi aliyewahi kusoma sehemu ya daktari.

Tangu siku hiyo wanabadilishana. Nusu ya darasa inasoma majibu, nusu inasoma maswali. Mchana huu Waiyego amesimama katikati ya ukumbi, skafu shingoni, kidole kwenye mstari, akimuuliza Kavetsa maswali kwa Kiingereza kwa sauti ya mtu anayedai kodi. Kavetsa ndiye pekee anayekubali kukaa upande wa pili. Wengine wanasema anawatisha. Vigoda vyao vimerudi karibu mlangoni, ingawa hakuna aliyetangaza msamaha.

Tarehe mpya ni mapema mwezi ujao. Vidonge vimesimamishwa na daktari, hatua kwa hatua, na kila baada ya siku kadhaa Waiyego hupimwa. Chakula bado kinapita kwa shida. Bado analala ameketi. Hataki kufa kwa shingo, anasema, baada ya kukataa kufa kwa moto. Anataka alale chali usiku mzima kama watu wengine, na ameze ugali bila kuusukuma kwa maji.

Majibu yake ya kweli ameyaandaa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Miaka hamsini na tisa. Watoto watano, wanne wako hai. Timboroa. Lakini hayatatangulia.

"Nitamuuliza mimi kwanza," anasema. "Nani atanikata? Utatoa nini, na utakipeleka wapi? Hayo unayoandika, nani atasoma? Akinijibu vizuri, nitalala mezani. Akianza kuzungukazunguka, nitavaa viatu vyangu nirudi kwa viazi."

"Viatu nitakuwa nimevishika mimi," anasema Kavetsa. "Na sivitoi mpaka utoke huko ndani ukiwa umeshonwa."

Waiyego anamtazama kwa muda mrefu, macho yamefinywa, kama anavyoitazama njia asubuhi.

"Umeona huyu?" anasema hatimaye. "Huyu ndiye wa kuchungwa."

Kisha anamsogezea kitabu, kidole kwenye mstari unaofuata, wanaendelea.